Saa Iliyopima Muhogo

Shangazi yangu Nangila huleta muhogo kutoka Lunyo kuuza mpakani Busia, na hanunui wala hauzi kitu kisichojaribiwa. Muhogo lazima uvunjwe mbele ya mteja, uonekane mweupe hadi ndani. Jembe jipya hulilamba. Sijui huwa anatafuta ladha gani.

Juzi mumewe, Mzee Okochi, alishikwa na kizunguzungu akipalilia. Nesi akasema moyo wake uangaliwe kila siku. Mzee akasema moyo wake hauna neno, akarudi shambani. Basi Shangazi akataka saa janja ya kumwumbua.

Nilimweleza nilichosoma mtandaoni, kwamba saa hizi zina mababu, zile saa za Kijapani zilizokuwa na kikokotoo.

"Sijauliza ukoo," akasema. "Kwani naenda kuolewa nayo? Mimi nauliza kama inasema kweli."

Tukavuka hadi upande wa Kenya, kwa Fidel, anayeuza saa mezani chini ya mwavuli.

"Mathe, hii ni noma. Inapima moyo, presha, usingizi, na haiogopi maji. Chaji wiki nzima."

Shangazi akatoa muhogo kikapuni, akaufunga ile saa. Ikawasha taa ya kijani, ikafikiri, ikaleta mapigo mazuri kabisa.

"Huyu muhogo ana afya kushinda mimi," akasema Shangazi. "Sasa uliza kama alilala vizuri."

Fidel akakuna kichwa. "Labda ni fresh sana, mathe."

Watu wakaanza kujaa. Saa ya pili ikasema muhogo una presha. Ya tatu ikaupongeza kwa kutembea. Ya nne ikaonyesha vistari tu. Shangazi akaivaa mwenyewe, ikasoma. Akairudisha kwa muhogo, vistari. Hiyo ndiyo akanunua.

Nyumbani akamvalisha Mzee Okochi. Vistari.

Tukamtazama. Hata kuku mlangoni alimtazama.

"Nangila," Mzee akasema polepole, "mimi bado niko?"

"Sijui. Ngoja nikuvunje nione ndani."

Nikaona mkanda umelegea, saa haigusi ngozi. Nikaukaza. Mapigo yakaja, tena mbio, na Mzee akajilaza bila kuambiwa.

Asubuhi alitangulia mwenyewe kwa nesi. Jembe aliliacha mlangoni, na njia nzima alikuwa akisimama kuitazama ile saa, kuhakikisha hajawa muhogo.