Wiki Tatu za Kompyuta Bubu

Radi ilipiga alasiri, mvua ikiwa bado haijaanza kunyesha sawasawa. Nilisikia kitu kikipasuka kidogo nyuma yangu, kama punje ya mahindi motoni. Umeme haukukatika. Kompyuta zetu zote mbili ziliendelea kuunguruma, na mimi na mkuu wangu tukachekana jinsi tulivyoruka vitini. Asubuhi yake ndipo nilipogundua kwamba kompyuta ya chumba cha ndani haiisikii tena ile ya mbele.

Ofisi yetu pale Gisenyi ilikuwa ya kutafuta watoto. Wakimbizi walipovuka mpaka kwa wingi kutoka Goma kurudi nyumbani, watoto wengi walipotezana na wazazi wao njiani, wakaokotwa na kupelekwa kwenye vituo vya huku na huku nchini. Kompyuta ya mbele, iliyokuwa mpya, ilipokea orodha za watoto hao kwa njia ya simu. Ile ya ndani, kuukuu, imegeuka njano kama meno ya mvuta tumbaku, ndiyo iliyotunza maombi ya wazazi, na programu ya kulinganisha majina ilikubali kufanya kazi humo tu. Tundu lake la disketi lilikuwa limeharibika zamani. Orodha mpya haikuwa na njia ya kuingia ila kwa waya uliounganisha kompyuta hizo mbili.

Nilibadilisha waya. Nilijaribu matundu yote ya kisanduku cha kugawia mtandao. Kila mara nilipochungulia nyuma ya ile kuukuu, taa ndogo ya kijani haikuwaka.

“Sasa je?” mkuu wangu aliuliza. Alikuwa mama wa makamo aliyekulia Bukavu, aliyenichukua kazini kwa sababu nilimwambia najua kompyuta. Nilijua kidogo kuliko nilivyosema. Nilikuwa nimerudi kutoka Kigoma, nilikozaliwa, na ujuzi wangu mkubwa ulikuwa redio.

“Soketi imekufa, Mama. Pale waya unapoingia. Radi imepita humo.”

“Bon. Fundi wa Kigali hawezi kuja, barabara ya Ruhengeri iko mubaya, iko na vita. We njo utatengeneza,” alisema, yaani mimi ndiye nitakayetengeneza.

Kila Alhamisi alikuja mama mmoja kutoka Nyamyumba. Alikuwa muuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani. Alipitia kwetu akitoka sokoni, beseni tupu chini ya kwapa. Mwanawe wa kiume, wa miaka mitano, alimponyoka mkononi mpakani, kwenye msongamano. Alikuwa na kovu la mafuta ya moto chini ya kiwiko cha kushoto. Mama yule alilitaja kovu hilo kila alipokuja, kana kwamba tungelisahau. Mimi huingia ndani, natazama, natoka na kusema, “Bado hajaonekana, Mama.” Naye husema asanti na kwenda zake.

Alhamisi ya kwanza baada ya radi nilimwambia mashini imeharibika.

“Pole yake,” alisema. “Mi nitarudi.”

Alhamisi ya pili nilimwambia hivyo hivyo. Aliniangalia kwa muda, akaniuliza kama nimekula. Nilitamani anigombeze. Usiku sikuwa nikilala vizuri. Niliwaza kwamba labda jina la mtoto limelala kwenye kompyuta ya mbele, hatua kumi kutoka yalipo maombi ya mama yake, na kinachowatenganisha ni vijipini vya shaba vilivyoungua kwa sababu sijui kazi yangu.

Wiki ya tatu niliifungua kompyuta kuukuu, nikaichomoa kadi ya mtandao na kuipeleka dirishani kwenye mwanga. Kando ya soketi iliyoungua palikuwa na nyingine, ya duara, ya waya mnene wa mtindo wa zamani. Nilikuwa nimeiona mara nyingi bila kuiwazia. Kisanduku cha kugawia nacho kilikuwa na tundu la namna hiyo nyuma yake, limefunikwa vumbi. Katika stoo nilipata waya wenyewe, umeviringishwa ndani ya boksi lililoachwa na watu waliotutangulia. Lakini waya wa aina ile hauwezi kufanya kazi bila vizibo viwili, kimoja kila mwisho, na mimi nilikuwa na kimoja tu.

Nilikwenda Mbugangari kwa fundi wa redio, mzee mwenye kikohozi ambaye tulikuwa tukisemezana sana habari za redio zilizokufa. Nilimweleza ninachotaka. Alipekua kopo lake, akatoa rezista mbili zinazolingana, akaziunga pamoja kwa risasi ya kulehemu ndani ya kichwa cha waya, kikawa kizibo cha pili.

“Hii ni ya kazi gani?” aliuliza.

“Ya kutafuta watoto.”

Alipuliza ile risasi ipoe, akanipa mkononi.

Nilirudi mbio. Nikafunga kila kitu, nikawasha kompyuta, nikaiambia kadi katika ukurasa mweusi wa kuandikia amri iache soketi iliyoungua na itumie ile ya duara. Mara ya kwanza ilikataa. Mara ya pili jina la kompyuta ya mbele likatokea kwenye kioo. Nilipiga kelele, mkuu wangu akaja na kunipiga begani, “Njo ile! Njo ile, mwana wangu!” Tukasukuma orodha za wiki tatu zote kwa pamoja, tukakaa kungoja mashine ilinganishe.

Majina machache yalijitokeza. Msichana mmoja wa Rugerero alikuwa hai, na mkuu wangu akaanza kuimba kwa sauti ndogo. Chini yake palikuwa na mtoto wa mama wa Nyamyumba. Jina lake, jina la baba yake, kovu chini ya kiwiko cha kushoto. Orodha ya kituo chake ilikuwa imechelewa kutufikia; katika safu ya mwisho waliandika kwamba alifariki kituoni kwa homa ya mapafu, miezi mingi nyuma, kabla mama yake hajafika kwetu hata mara moja.

Mkuu wangu aliacha kuimba.

Alhamisi mama yule alipokuja, mkuu wangu ndiye aliyemwambia, kwa Kinyarwanda, akimshika mikono yote miwili. Nilisimama mlangoni. Hakulia. Aliniomba nimwonyeshe. Nikampeleka ndani, nikaweka kidole kwenye mstari ule. Hakujua kusoma. Aliniuliza jina linaanzia wapi na linaishia wapi, kisha akapitisha kidole chake mwenyewe juu ya kioo, polepole.

“Hii mashini ilikuwa inakufa siku ngapi?”

“Wiki tatu, Mama. Nisamehe.”

“Unaomba pardon ya nini? Hizo wiki tatu mutoto wangu alikuwa muzima.”

Akachukua beseni lake, akatoka. Mkuu wangu alimsindikiza mpaka barabarani. Mimi nilibaki nimekaa mbele ya kompyuta niliyoitengeneza, na sikuthubutu kuigusa mpaka tulipofunga ofisi.

Barabara ilipotulia, mkuu wangu alimwombea mama yule nafasi kwenye gari lililokuwa likienda upande wa kile kituo. Aliporudi alipita kutuambia, ingawa haikuwa Alhamisi. Nilimuuliza kama alilipata kaburi.

“Walinionyesha fasi ya kuzikia. Kaburi iko mingi, yote kadogo kadogo, na haina majina. Nikachagua kamoja. Nikang'oa majani, nikakaa nako mpaka gari ikaniita.”