Ijumaa za Baba

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyoanza kuchacha hunirudisha nyumbani haraka kuliko kitu kingine chochote. Wageni huziba pua wakifika Githongo wakati wa mavuno, lakini mimi hufungua dirisha la gari nikaivuta yote. Ilipanda kutoka kiwandani kule bondeni, ikapita mashambani, ikaingia hadi jikoni kwetu na kuchanganyika na moshi na njahi, yale maharagwe meusi, zilizochemka tangu asubuhi. Ilikuwa harufu ya Disemba, ya likizo, ya vidole vinavyonata kwa utamu wa kahawa mbivu. Kwangu mimi itabaki kuwa harufu ya mwaka ule baba aliporudi nyumbani moja kwa moja, nasi tukakaribia kumpoteza mama.

Baba alikuwa mtunza stoo katika ofisi moja mjini Embu. Alipanga chumba huko, na nyumbani akawa anakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mimi na mdogo wangu Mwenda tulizaliwa tukakuta mambo yako hivyo, tukadhani kila baba ni mtu wa kuja na kwenda. Siku hiyo ua ulifagiliwa mapema. Mama alioga, akajipaka mafuta miguuni hadi ikang'aa, akafunga kitambaa chake cha kijani ambacho siku nyingine hatukukiona. Kisha tulisikia kikohozi getini. Baba hakubisha wala hakuita, alikohoa tu, na mama aliyekuwa ametega sikio tangu alasiri alijifanya hana habari. "Umefika?" alimwuliza akiwa tayari mbele yake, kana kwamba amekutana na mpita njia. Baba alimpa mkate uliofungwa kwa gazeti. Jumapili jioni alikuwa ameshaondoka, na boma likarudi mikononi mwa mama. Yeye ndiye aliyeamua mbolea iwekwe lini, ng'ombe yupi auzwe, nani achapwe na nani asamehewe.

Baba alipostaafu tulimpokea kwa kuku na chapati, na siku za kwanza zilikuwa sikukuu tupu. Baadaye akaanza kazi. Alipigilia misumari ukutani jikoni, kila sufuria na msumari wake. Maharagwe yalihama, chumvi ikahama, mwiko mkubwa ukapandishwa juu mahali ambapo mama, ambaye ni mfupi, hakufika hata akichuchumia. Mwishowe ghala la nafaka likapata kufuli, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa baba. Hakuwa mchoyo, Mungu ni shahidi. Alikuwa mtu aliyetunza vitu vya watu maisha yake yote, na sasa hakujua aipeleke wapi mikono yake. Kule Embu hakuna aliyepata hata kalamu bila kupitia kwake. Hapa kwetu hata kuku walimpita bila kumtazama.

Jikoni, kwa desturi ya wakati ule, hapakuwa mahali pa mwanamume kukaa. Sisi na mama tulizunguka moto, tukachambua maharagwe na kucheka, huku baba akiwa peke yake sebuleni na redio. Mara nyingine alikuja akasimama mlangoni, na kicheko kikakatika. Alituangalia, akauliza kitu kisicho na maana, labda kama mbuzi amenyweshwa maji, halafu akarudi kwenye redio yake. Nilimhurumia sana, na bado nilitamani arudi Embu. Mama naye alizidi kunyamaza. Miguu yake ilipauka na kitambaa cha kijani kikabaki sandukuni mwezi ulipoisha, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kungojwa. Leo, nikiwa mke wa mtu, naelewa kwamba alikuwa amepoteza vitu viwili kwa mpigo: siku alizozoea kuzipanga mwenyewe, na mgeni wake wa kila mwezi.

Alhamisi moja wanawake wa jirani walikuja kutusaidia kuchuma kahawa, na mama akawaahidi uji. Tulirudi kutoka shambani tukakuta ghala limefungwa na baba ameenda sokoni kunyolewa, ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Wanawake walicheka kwa adabu, wakaenda zao na njaa. Mama hakucheka. Kesho yake asubuhi tulimkuta anapanga nguo zake kwenye kiondo. Alisema anaenda Muthara kwa mama mdogo, dada yake. Hakusema atarudi lini. Mwenda alishika mshipi wa kiondo akaanza kulia, nami nikawa nazunguka ua nikitafuta la kufanya na sikulipata. Baba akatoka sebuleni.

"Mama Kendi, kwani unaenda matanga ya nani?"

"Yangu," mama akajibu. "Nimechoka kuomba ufunguo wa unga wangu mwenyewe."

"Si ungeniambia tu?"

"Ningekuambia lini? Wewe ni mtu wa kuja, Baba Kendi. Miaka hii yote nimekuzoea ukikuja. Hii ya kukaa bado sijaizoea."

Nilidhani atafoka. Alisimama tu, kichwa chake kilichonyolewa jana kiking'aa juani, na uso wake ukawa wa mtu aliyestaafishwa mara ya pili. Kisha akautoa ufunguo akautundika kwenye msumari wa chini, pale ambapo mama angeufikia. Akaingia chumbani, akatoka amevaa koti lake la kazi na kushika kibegi chake cha safari.

"Basi wacha niende, ndio nikuje," akasema, akatoka getini.

Sikumwelewa. Nilijua tu kwamba asubuhi moja wazazi wetu wote wawili wanaondoka. Lakini mama hakwenda Muthara. Alikaa kwenye kigoda, kiondo miguuni, akiitazama barabara, na kahawa siku hiyo haikuchumwa. Jua lilipoanza kuegemea upande wa mlima aliinuka, akarudisha kiondo ndani, akachukua ufagio. "Kendi," akaniita, "weka maji kwa moto." Nilipoona amefungua sanduku na kutoa kile kitambaa, nilikimbia nyuma ya jikoni nikalia vizuri, kwa furaha ambayo sikuweza kumweleza Mwenda. Kikohozi kilisikika getini jua likiwa bado liko.

"Umefika?"

"Nimefika. Huko barabarani kuna vumbi."

Alikuwa amekaa Nkubu mchana kutwa, sokoni, akitazama watu wakiuza ndizi hadi ikawa saa ya kurudi. Mama aliupokea mkate, akauangalia, halafu akacheka mpaka akashika nguzo ya mlango. Jioni hiyo baba aliketi jikoni juu ya gunia, magoti yamemfika kidevuni, na hakuna aliyenyamaza kwa ajili yake. Kuanzia hapo hakuacha kwenda na kuja kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Majirani walimtania, "Mzee, serikali bado inakutafuta?" naye akajibu kwamba inamtafuta sana. Siku nyingine yeye na mama waligombana kama kawaida, juu ya ng'ombe, juu ya mwiko, na polepole wakazoeana. Kufuli lilihamia kwenye zizi la mbuzi.

Sasa baba amelala pale chini, mwisho wa mistari ya kahawa. Mimi ndiye ninayeishi Embu. Mume wangu hufanya kazi nyumbani kwa kompyuta, tunashinda meza moja, tunapendana, na hakuna anayemtegea mwenzake sikio getini. Kuna siku natoka bila sababu, nazunguka sokoni, nanunua parachichi mbili ili tu nipate kurudi. Huniuliza bila kuinua macho, "Kwani ulikuwa umetoka?" Hapo ndipo ninapozitamani zile Ijumaa.

Mwezi ukiisha mimi huenda kwa mama na mkate. Siku hizi mkate huuzwa ndani ya plastiki, lakini mimi huufunga kwa gazeti. Nikifika nakohoa. Humkuta kwenye kigoda, ua umefagiliwa, miguu yake iliyokonda imepakwa mafuta. "Umefika?" huniuliza, huku macho yake yakipita kidogo nyuma ya bega langu. Nikigeuka kufunga geti hunishika mkono.

"Liache kwanza," husema. "Bado ni mapema."