Fundi Fadhul Achagua Semina

Mwaka ule wa sabini na nne, mafundi redio wa West Nile walishikwa na ugonjwa wa semina. Fundi Fadhul wa Arua hakuwa mtu wa kukimbilia kila mwaliko; yeye alichuja. Semina ya Kampala aliikataa mapema. Silvester wa Manibe alikwenda huko akarudi na tai, na hadi kesho atakusimulia kuku wa hoteli ile paja kwa paja, lakini mpe redio mbovu uone atakavyokohoa. Ya Gulu ilikuwa hotuba tupu, na asiyepiga makofi aliandikwa jina.

Safari hii, lakini, hakuwa na nafasi ya kuringa. Sajenti mmoja wa kambini alimwachia redio ya transista, mpya kutoka ng'ambo, imekataa kusema. Fadhul, bingwa wa yale maredio ya zamani yenye vioo vinavyowaka ndani, aliifungua kwa mbwembwe, kisha akashindwa hata kuifunga. Sajenti akapita kuuliza.

"Jumamosi mimi nakuja chukua. Kama redio haiko naimba, wewe utaimba."

Ndipo ikasikika semina ya Koboko, siku ya Ijumaa. Hakuna chakula, hakuna posho, ila mtaalamu mkubwa wa transista atakuwepo. Hiyo sasa ndiyo semina ya kazi! Fadhul akaifunga redio ndani ya shuka.

"Baba Rehemah," mkewe Hawah alimwuliza, "sajenti akikuja wewe hujarudi, mimi nasema nini?"

"Sema niko semina. Lakini Jumamosi asubuhi mimi niko hapa."

Huko Koboko mafundi walijaa ndani ya ghala la pamba. Fadhul alikaa mbele kabisa, kalamu mkononi. Mwenyekiti, mzee Kamisi, akasimama.

"Leo tuko na bahati. Mtaalamu yetu ya transista, Fundi Fadhul wa Arua!"

Makofi. Jasho likamtoka Fadhul. Majigambo yake ya sokoni yalikuwa yamefika Koboko kabla yake. Akiri? Mtu mzima kama yeye, mbele za watu? Akapanda jukwaani, akahubiri nidhamu ya bisibisi mpaka jua likageuka. Kisha akajifanya mjanja, akaweka redio ya sajenti mezani kana kwamba ni mtihani.

"Nani atasema hii iko na ugonjwa gani?"

Loro, fundi wa Lurujo, akavuta kikapu chini ya benchi. Ndani mlikuwa na redio ya transista, nayo ya askari. Jirani yake akatoa yake. Ghala zima lilikuja na redio za askari, kila mmoja akimsubiri mtaalamu.

Walitazamana, na hakuna aliyecheka. Kamisi, kwa sauti nyembamba, akapendekeza semina iongezwe wiki moja kwa faida ya taaluma. Mikono ikaanza kuinuka. Fadhul alimwona Hawah waziwazi, peke yake mlangoni pa duka, na viatu vya sajenti vikija. Moyo ukamuuma, tena sana.

Akainua mkono.