Bi Futi na Nyumba Iliyong'aa

Bi Futi aliisoma orodha iliyobandikwa ukutani mwa shule mara tatu, ya nne akaifuata kwa kidole. Jirani wa kulia yumo. Wa kushoto yumo. Hata muuza mkaa, ambaye maji yalimfika vifundoni akatangaza mtaa mzima kama aliyenusurika gharika, naye yumo! Jina lake yeye alilikuta karatasi ya pili, chini ya neno moja: HAWAKUATHIRIKA.

"Hebu nisomee wewe," alimwambia mdogo wake, aliyefika jana kwa safari ndefu kuja kumsaidia. "Labda macho yangu."

"Macho yako mazima, dada. Umeandikwa hukuathirika."

Hukuathirika! Kimbunga kimepita wiki mbili, mto umevunja kingo zake ukaingia ndani bila hodi, cherehani imezama na kutoka na kutu mpaka kwenye sindano, halafu hukuathirika? Walio karatasi ya kwanza watapewa saruji, magodoro na vifaa vya kazi. Wenye malalamiko wayalete leo, mwisho saa kumi. Na Bi Futi hakuwa akitaka saruji wala godoro. Alitaka cherehani. Asipoipata, atakwenda kuishi kwa kaka yake, awe mgeni wa kudumu wa wifi yake, na nyie hamumjui wifi huyo. Shukuruni.

Meza ya kwanza waliambiwa waende ya tatu. Ya tatu ikawauliza, mbona hamkupitia ya pili? Ya pili palikuwa na kijana mpole aliyemwambia kwamba hapo ni uhakiki, yeye shida yake ni tathmini, na tathmini yake imeshafungwa, kwa hiyo anachotaka ni rufaa. Bi Futi akaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa kila neno, na alipogeuka hakuwa na hata moja kichwani.

"Amesemaje?" aliuliza.

"Si ulikuwa unaitikia wewe?"

"Nilikuwa naitikia tu, mwenzangu. Nimevurugwa."

Wakakaa kwenye benchi. Ndipo mdogo wake alipouliza swali ambalo mtu angeliuliza tangu asubuhi: "Kwani huyo mkaguzi wa serikali alipokuja kuangalia nyumba, ulimwambia nini?"

Bi Futi akafikiri. Kusema kweli, hakuona kosa lake liko wapi. Aliletewa habari kwamba kesho kuna mgeni wa serikali, atapita nyumba kwa nyumba. Sasa mgeni anaingiaje kwenye nyumba yenye tope? Alifagia, akadeki, akachukua brashi na sabuni akasugua ule mstari wa maji ukutani mpaka mabega yakamuuma. Akaazima viti viwili na kitambaa cha meza kwa jirani. Cherehani akaisukuma nyuma ya pazia, maana ilikuwa inatia aibu. Mkaguzi akaingia, akapewa chai.

"Akauliza habari za hapa, nikamwambia nzuri. Mnaendeleaje? Nikamwambia vizuri, tunamshukuru Mungu. Akauliza maji yaliwasumbua? Nikamwambia kidogo tu, yameshaondoka."

"Dada!"

"Sasa ulitaka nimlilie mgeni na kikombe mkononi?"

Mdogo wake alijishika kichwa. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi kasorobo, na meza ya rufaa, kumbe, ilikuwa nyuma ya ile ya kwanza, kwenye darasa walilolipita mara nne.

Karani wa hapo alikuwa mwanamke wa umri wa kuwa bintiye. Akanyanyua uso.

"Shikamoo, mama. Habari za nyumbani?"

"Marahaba, mwanangu. Nzu..."

Mdogo wake akamkanyaga mguu. Bi Futi akalimeza neno. Miaka hamsini na nane mdomo huo ulikuwa na jibu moja tu kwa swali hilo, na sasa ulikuwa unatafuta jingine, haulioni.

"Mbaya," alisema hatimaye, kwa aibu ya mtu aliyetukana mbele ya wakwe. "Nyumbani kubaya, mwanangu."

Karani akafungua picha za mkaguzi. Akazitazama, akamtazama yeye. "Ukuta ni msafi, mama. Alama ya maji iko wapi?"

"Niliisugua."

"Uliisugua?"

"Mgeni alikuwa anakuja."

Karani akaweka kalamu chini. "Sasa mimi nitajuaje yalifika wapi?"

Hapo Bi Futi akasimama. Futi yake ya kupimia ilikuwa shingoni, haibanduki hapo hata msibani, ndiyo iliyompa jina. Akaivuta, akakanyaga ncha moja kwa kidole cha mguu, akaipandisha gotini, kiunoni, mpaka chini ya kwapa.

"Hapa. Inchi arobaini na nane. Nilisimama nimebeba nguo za wateja kichwani mpaka kulipokucha. Hazikulowa hata moja. Kesho yake nikajipima, sijui kwa nini. Mikono ilitaka kazi."

Karani akaandika arobaini na nane, akapiga muhuri. "Mkaguzi atarudi kesho asubuhi. Lakini mama, nakuomba, usifagie."

"Hata mlangoni?"

"Hata mlangoni."

Bi Futi akageuka kumwambia mdogo wake waende, akamkuta analia, ameshika mdomo kwa kiganja.

"Uliniambia vifundoni," mdogo wake alisema. "Nilikupigia simu siku ile ile, dada. Ukaniambia uko salama, maji yamefika vifundoni."

Bi Futi aliizungusha futi shingoni, akaitoa, akaizungusha tena.

"Ulikuwa mbali," alisema. "Ningekuambiaje?"