Betri Hujaa Mwalimu Akisafishwa Damu

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Ijumaa, Kisilu Mbaluka anavuka barabara mjini Kitui akiwa na betri ya pikipiki begani. Uzito wake ni kama debe la maji. Pikipiki yenyewe imebaki karibu na lango la hospitali, kiti kimefunuliwa, tumbo tupu.

"Kisilu, umeipasua tena?" anamtania mwendesha bodaboda mmoja kituoni. "Hiyo mashine yako inalazwa kuliko wagonjwa."

Kisilu anaingia katika duka la Adow Shire, anaiweka betri nyuma ya magunia ya sukari na kuchomeka waya. Imebaki na asilimia kumi na tisa.

Hospitalini, Muthoki Nthiwa, mwalimu mstaafu wa miaka sitini na minne kutoka Migwani, amekwisha kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Figo zake ziliacha kufanya kazi mwaka juzi. Matibabu huchukua muda wa saa nne. Betri nayo huchukua muda huo huo kujaa.

"Tunaingia pamoja na kutoka pamoja," asema Mwalimu Muthoki. "Tofauti ni kwamba yenyewe hutoka na nguvu, nami hutoka sina. Kwa hiyo hunibeba."

Kisilu, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu, alifundishwa naye darasa la sita. Alinunua pikipiki ya umeme mwaka jana baada ya kuchoka kuchoma mapato yake kwenye petroli. Muuzaji alimwambia ingekwenda kilomita themanini.

"Aliyepima huo mwendo hakupanda milima yetu na abiria nyuma," asema Kisilu. Kwake ni hamsini na tano, na kutoka Migwani hadi Kitui ni zaidi ya arobaini. Kufika, hufika. Kurudi bila kuchaji hawezi.

Wenye pikipiki za petroli walimtoza Mwalimu shilingi 1,800 kwenda na kurudi. Pensheni yake ilitosha safari moja kwa juma, ilhali daktari alitaka mbili. Miguu ilivimba, na kulala chali kukamshinda. Kisilu humtoza 900, kwa hiyo sasa huenda Jumanne na Ijumaa.

Lakini yote hayo yalitegemea soketi. Mwenye saluni alimkatalia, akihofia mashine zake za nywele zingezimika. Mwenye duka la dawa aliogopa moto. Adow aliuliza tu kama betri hutoa harufu. Aliposikia haitoi, akamwonyesha pa kuiweka kwa shilingi hamsini.

Ijumaa ya kwanza, wote wawili walisahau jambo moja. Saa sita na nusu Mwalimu alitoka hospitalini akitetemeka, na Kisilu akakuta duka limefungwa. Adow alikuwa ameenda kuswali, betri ikiwa ndani. Kisilu alikwenda hadi lango la msikiti, akasimama, akaona aibu kumwita mtu kutoka katika ibada. Mwalimu alikaa kizingitini mwa duka zaidi ya saa nzima, amejifunika leso kichwani kukinga jua.

Adow aliporudi na kumwona, hakujitetea. Alitoa ufunguo mmoja katika fungu lake, akampa Kisilu.

"Huyu mama hatakaa hapa nje tena," akasema.

Kisilu aliupokea kwa sharti lake mwenyewe: haingii dukani kabla Mwalimu hajaketi kwenye benchi mlangoni, awe shahidi. Adow humcheka kwa hilo. "Kijana ananiletea mwalimu wa zamu," asema.

Saa saba kasorobo leo, Adow akiwa msikitini na shahidi akiwa ameketi, Kisilu anafungua na betri inatoka na asilimia tisini na saba.

Waendesha bodaboda wawili wa Kabati, ambao nao huleta wagonjwa kwa pikipiki za umeme, wameomba nafasi ya kuchaji. Kwa hiyo Kisilu anaweka akiba ya kununulia nyaya na rafu ya chuma. Adow amekubali soketi nne ziwekwe barazani, nje ya mlango. Kisilu anatumaini kazi hiyo itakamilika kabla ya mvua za Novemba.

"Siku hiyo nitamrudishia ufunguo wake," alisema asubuhi akichomeka waya.

Adow, aliyekuwa akipima mchele kando, alitikisa kichwa.

"Akae nao," alisema. "Siku nikiugua, nani atanifungulia?"