Ng'ombe Waliolia Mlangoni kwa Hana

Mshawahi kuona ng'ombe wakiomboleza? Mimi nimewaona, na usingizi wangu haujarudi sawasawa mpaka leo.

Naitwa Scola. Nasomea udaktari wa mifugo. Nimekulia Mwankoko, pale Singida mjini, na mdomo wangu hauna breki. Hilo mlijue mapema.

Fildi ya chuo nilipangiwa Mitundu, huko Itigi, chini ya Daktari Laurian, mtu mwenye utani mwingi na subira kidogo. Siku hiyo alasiri tulikwenda kuchanja ng'ombe kwa Mzee Mazengo. Nikampa mzee shikamoo, akaitikia marahaba bila hata kuniangalia. Nikasema poa, si kila mtu anapenda wageni.

Tukavaa glavu, tukaandaa sindano, tukasubiri ng'ombe warudi kutoka kunywa maji.

Wakaja. Dume la mbele lilipofika kwenye nyumba ndogo iliyo karibu na zizi, likasimama. Likanusa chini.

Halafu likalia.

Jamani, sio ule mlio wa njaa. Lilikuwa linakoroma kutoka tumboni, linachimbua udongo kwa kwato, mapovu yanamwagika. Wenzake wakaja mbio, wakalizunguka, nao wakaanza. Kundi zima linalia juu ya kipande kimoja cha ardhi.

"Kila siku ndo hivi tangu mvua zianze," akasema Gasto, kijana wa mzee. "Na mnaona wanalia mlangoni kwa nani."

Mlango ulikuwa wa Hana, shemeji yake. Alikuwa amesimama hapohapo na mtoto mgongoni, mabegi yake yako nje.

Nikauliza kulikoni. Gasto akanieleza bila hata kupunguza sauti. Kaka yake, Simeoni, ndiye mume wa Hana. Wakati wa kiangazi aligombana na baba yao. Alitaka kumuuza ng'ombe wake mwekundu anunue bodaboda, mzee akakataa. Hana alikuwa kwao amejifungua, na watu wengine wa nyumba walikuwa Itigi msibani. Waliporudi, mzee akawaambia Simeoni kamswaga ng'ombe, kaenda zake Tabora. Simu yake haijapatikana tena.

"Mwanamke huyu kamfukuza kaka kwa dawa," Gasto akasema. "Sasa kaifukia hapa, mpaka ng'ombe wamechanganyikiwa. Leo anaondoka. Mtoto anabaki, ni wa ukoo wetu."

"Simwachi mwanangu," Hana akasema. Hakupiga kelele. Alikuwa amekaza kile kitenge kilichombeba mtoto.

Moyo ukaniuma, na mimi moyo ukiniuma naropoka.

"We kaka, acha uongo! Hiyo sio dawa. Ng'ombe hulia hivyo wakinusa damu ya ng'ombe mwenzao. Hapo chini kuna mzoga. Daktari, si kweli?"

"Kweli kabisa," Daktari Laurian akasema. "Mvua imelainisha udongo, harufu imepanda."

"Hatujawahi kuchinja hapa," akasema Mama Simeoni, mke wa mzee.

"Basi chimbeni!" nikasema. "Mkikuta ng'ombe, huyu dada anabaki na mwanawe. Sawa?"

Gasto akachukua jembe. "Sawa. Na nikikuta hirizi, utamsindikiza wewe mwenyewe."

Mzee Mazengo alikuwa kwenye kigoda chake. Nilitegemea aseme neno, yeye ndiye mwenye mji. Alitazama chini tu, nikamwonea huruma.

Tukawafukuza ng'ombe mpaka zizini. Gasto akachimba kwa hasira, na haikuchukua muda jembe likagonga kitu kigumu.

Pembe.

Akafukua zaidi. Fuvu, mbavu, udongo mweusi, na harufu iliyoturudisha nyuma wote.

"Si niliwaambia!" Nikaruka kwa furaha, Mungu anisamehe. "Ng'ombe huyo! Hana, rudisha mabegi ndani, dada!"

Hana akaanza kulia, akacheka hapohapo.

Lakini Mama Simeoni alikuwa anaitazama ile pembe. Ilikuwa imepinda kuelekea chini. "Huyu ni ng'ombe wa Simeoni," akasema. "Si tuliambiwa kaenda naye Tabora?"

Gasto akaendelea kufukua.

Pembeni ya mifupa kulikuwa na ngozi. Haikutupwa tu, ilikuwa imekunjwa kwa urefu na kufungwa kwa kamba za ngozi, fundo kwa fundo.

"Mwanafunzi, una glavu," Daktari akaniambia. "Angalia kama ina chapa."

Nikashuka shimoni. Nikakata kamba ya mwisho, nikainua pindo la ngozi.

Nikaona katambuga, kiatu cha tairi.

Ndani ya katambuga kulikuwa na mguu wa mtu.

Nikaiachia ile ngozi. Gasto alidondosha jembe, na Daktari akanivuta kwa kola mpaka juu.

Mama Simeoni hakuzimia kama nilivyotegemea. Aliyaangalia yale mafundo, halafu akageuka kwa mumewe.

"Baba yako tulimzika hivi," akasema. "Baba yake pia. Kwenye ngozi ya ng'ombe wake mwenyewe. Nani mwingine hapa anajua kufunga hivi? Adui angemchinjia mwanangu ng'ombe?"

Ndipo mzee akafungua mdomo.

"Nilimpiga fimbo moja tu," akasema. "Moja. Hakuamka. Ningemzika kama mbwa?"

Kwa hiyo siku zote zile alikaa kwenye kigoda, anasikia ng'ombe wanalia, anamwona mkwewe akiitwa mchawi, na hakutia neno. Mimi nilikuwa namwonea huruma kwa ukimya wake! Hasira ile bado ninayo.

Daktari akapiga simu polisi. Mzee hakukimbia, hakuomba hata maji.

Hana akasogea kwenye shimo na mtoto mgongoni. Akapiga magoti.

"Nilikulaani kila siku," akaiambia ile ngozi. "Nilijua umetukimbia. Nisamehe, baba Nathan. Kumbe ulikuwa hapa mlangoni."

Gasto akataka kumshika bega. Hana akautoa mkono wake.

Hana amebaki na mwanawe, kama nilivyoahidi. Ila nikilala bado naisikia furaha yangu mwenyewe pale juu ya shimo, na natamani kuziba masikio.

Ndugu zangu, mwanamke akinyooshewa kidole na nyumba nzima kwa sababu mume hayupo, msimwangalie yeye peke yake. Mwangalieni pia anayejua mume alikwenda wapi, halafu ananyamaza.