Kistari Kilichokosekana

Nimefundisha Kiingereza miaka kumi na minne katika shule iliyopakana na mashamba ya chai, upande wa Kericho, na kitu ninachojulikana nacho ni kistari. Kile kimstari kifupi kinachofunga maneno mawili au matatu yakawa kivumishi kimoja. Watoto wakinikuta sokoni wananichorea hewani kwa kidole, wanacheka, “Madam, kistari!” Zamani nilifurahi. Siku hizi nawaambia waende zao.

Nilikuwa na mfano mmoja niliouonea fahari sana. Naandika ubaoni: tea-drinking women. Wanawake wanaokunywa chai. Halafu nafuta kistari, yanabaki tea drinking women, nauliza, “Sasa hapa nani anamnywa nani?” Darasa zima linaangua kicheko, kwa sababu bila kistari unaweza kusoma kwamba chai ndiyo inayowanywa wanawake. Na mama zao walikuwa pale nje, ukichungulia dirishani unawaona, vikapu mgongoni. Mfano ule siutumii tena.

Mama yangu alikuwa mmoja wa wale wa dirishani. Alitoka Kisii akiwa amenibeba, akapata nyumba katika kambi ya shamba, akachuma majani kwa mkono mpaka vidole vikawa vyeusi, weusi usiosikia sabuni. Vidole hivyo ndivyo vilivyonipeleka chuo cha ualimu. Tuseme ukweli.

Kisha zikaja mashine. Ile ya kubebwa na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, inapita juu ya chai inanyoa kama kinyozi. Kambini kukawa na minong’ono tu. Nyumba ni ya shamba, ukikosa kazi unafunga virago. Lakini mama si mtu wa kungoja kusukumwa. Alikuwa ameshapata mahali: mwanamke wa Sosiot mwenye chai yake alitaka mchumaji wa kukaa naye, chumba kipo, maziwa yapo. Alitaka jibu kufikia Jumapili.

Jumamosi likabandikwa tangazo kwenye kibanda cha mizani. Mimi nilikuwa nimemtembelea mama siku hiyo. Akanivuta mkono mpaka pale, wenzake wakatufuata.

“Mwalimu wangu, nisomee. Nibaki ama niende Sosiot?”

Lile tangazo nalijua kwa moyo mpaka leo. The estate will retain hand plucking machine operators. Basi. Nikalisoma mara moja, mara moja tu! Hand plucking, nikatia koma ya kwangu mwenyewe, machine operators. Nikawatafsiria kwa sauti ya darasani: “Wanaobaki ni wachumaji wa mkono, pamoja na waendesha mashine. Mama, umebaki.” Wanawake wakapiga vigelegele. Mama alicheka mpaka akashika kiuno.

Palikuwa na mama mmoja Mkipsigis, muuza maziwa, ambaye boma lake liko ng’ambo ya ua wa kambi. Shule aliachia darasa la nne. Alilikazia macho lile tangazo, akasema, na barua kwake hutamkwa parua, “Madam, mimi hiyo parua sielewi. Si tuulize karani kwanza?”

“Tuulize nini? Kiingereza si ndiyo kazi yangu?”

Nilisema hivyo. Mbele ya watu, kwa mdomo huu huu. Yule mama akabeba mitungi yake akaenda.

Jumapili mama akampigia simu yule wa Sosiot, akamshukuru, akamwambia atafute mtu mwingine. Jumatatu akafika shambani na kikapu. Msimamizi akamrudisha, jina lake halimo. Alipita katikati ya kambi na kikapu kitupu, saa ambayo hakuna mchumaji anayerudi nyumbani, kila mtu akimwangalia.

Nilienda ofisini nikiwa nimejaa moto. Karani hata hakuinua macho.

“Wanaobaki ni wa kuendesha ile mashine ya mkono, madam. Ndivyo ilivyoandikwa.”

“Haikuandikwa hivyo! Hapo panatakiwa vistari viwili. Hand, kistari, plucking, kistari, machine. Mngeviweka, hata mtoto angeona ni mashine moja inayotajwa!”

Sasa akainua macho. “Kumbe unajua,” akasema. “Basi mbona hukuuliza?”

Ala! Ningependa kumlaumu aliyepiga chapa lile tangazo, na ninamlaumu, mzembe yule. Lakini ni mimi niliyewaambia watoto, mwaka baada ya mwaka, kwamba maneno yasiyofungwa yanaweza kwenda njia mbili, na kwamba hapo unasimama unauliza. Mimi sikusimama. Nilitaka mama abaki, na zaidi ya hilo nilitaka watu wanisikie nikisoma. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tukapiga simu Sosiot tena. Chumba kilikuwa kimepata mwenyewe.

Nikamwambia mama aje akae kwangu. Akakataa. Akahamia kwa yule muuza maziwa, anakomsaidia na ng’ombe, na akisimama mlangoni anaiona chai aliyokuwa akichuma. Hakunigombeza. Haki, afadhali angenigombeza! Alichotaka ni kimoja tu, nimwonyeshe hicho kistari kinafananaje. Nikamchorea kwa kalamu kwenye kiganja. Akakitazama kwa muda.

“Kadogo hivi?”

Akaenda akanawa mkono.

Juzi nilimtembelea, nikamkuta na barua ya hospitali, Kiingereza kitupu, ya mambo ya kifua chake. Nilikuwa nimeketi karibu naye, miwani nimevaa. Nikanyoosha mkono niipokee. Mama akaipitisha juu ya mkono wangu, akampa muuza maziwa. Yule mama akasoma polepole, kidole chini ya kila neno, halafu akakwama.

“Hapa sijui,” akasema. “Tutauliza daktari.”

“Haya, tutamuuliza,” mama akajibu, na nikaona mabega yake yameshuka, ametulia kabisa.

Kisha akachukua birika, akanimiminia chai. Mama aliyenilea, aliyenikorogea chai tangu sijaota meno, akashika kijiko akanigeukia kwa heshima zote na kuniuliza kama ninatumia sukari.